Bahasha ya Kaki

Wiki ile albamu ya Jepchumba iliposhika namba moja Kenya nzima, Wamucii aliiharibu redio ya mama yake kwa makusudi. Hakuipasua. Aling'oa tu kile kitufe cha kubadilishia stesheni, akakitumbukiza chooni, na redio ikabaki imekwama kwenye stesheni ya Kikuyu inayopiga injili asubuhi na matangazo ya vifo mchana. Mama yake alipouliza, alijibiwa kwamba vitu vya plastiki huchoka. Mwanamke mzima wa miaka thelathini na mmoja, anayeaminiwa funguo za duka la dawa za mifugo pale mjini Eldoret, anaiba kitufe cha redio kama mtoto wa darasa la pili. Aliona aibu, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Mama yake, ambaye mtaa mzima wa Pioneer unamwita Mama Wachira, alifuma sweta za shule kwa mashine iliyojaza nusu ya sebule. Kuanzia saa mbili asubuhi mashine ilikwenda huku na huku, kraa, kraa, na redio juu ya kabati ikimsindikiza. Tangu mumewe Ephantus afariki, redio ndiyo iliyokuwa mwenzake wa kubishana naye. Ilimpa habari, yeye akaikosoa.

"Hii stesheni watu wanakufa sana," alisema siku ya tatu. "Tafuta fundi airekebishe. Nasikia yule msichana wa Mzee Kipngetich wa Soy ameimba vizuri mpaka Nairobi wanamtambua, na mimi niliyekuwa jirani yake sijamsikia hata neno moja."

"Nitatafuta, Mami," Wamucii akasema, na hakutafuta.

Albamu yenyewe iliitwa *Bahasha ya Kaki*. Ilikuwa na nyimbo kumi na moja, zote za rock, zote kwa Kiswahili. Zamani ungemwambia mtu wa Eldoret kwamba rock ni muziki wake angekucheka mbavu zivunjike, maana tulidhani ni mambo ya watoto wa matajiri wa Nairobi wanaopaka kucha rangi nyeusi. Akatokea huyu Jepchumba na gitaa la umeme linalonguruma, na sauti yenye mikwaruzo ya mtu aliyelia mpaka akachoka, na watu wakanyoosha mikono. Wiki ya kwanza alikuwa namba tisa, ya pili namba tatu, ya tatu akaketi juu na hakushuka. Mji uliozoea kupokea wakimbiaji wenye medali sasa ulikuwa na mwimbaji wa kujivunia. Vinyozi waliupiga wimbo uliobeba jina la albamu, wauza simu waliupiga, na vijana wa bodaboda waliuweka kama mlio wa simu.

Wamucii aliusikia mara ya kwanza dukani, Collins, mfanyakazi mwenzake, alipouweka kwenye simu na kuongeza sauti. Alikuwa anamhudumia mzee mmoja aliyetaka dawa ya kupaka ng'ombe chuchu. Gitaa likaanza polepole, kisha sauti aliyoijua tangu utotoni ikaingia:

*Nilibeba nyimbo, nikaacha shamba,*
*nikamtuma kaka yangu arudi kwenye moshi.*
*Bahasha ya kaki, bahasha ya kaki,*
*mama bado anadhani alifuata ng'ombe.*

Mzee yule aliondoka na dawa ya minyoo ya mbuzi. Kesho yake alirudi kulalamika, na alikuwa na haki kabisa. Wamucii alimwomba radhi bila kumsikia, kwa sababu tangu jana yake hakuwa amesikia chochote zaidi ya mistari ile minne.

Ni lazima nieleze jambo lenyewe lilivyokuwa, maana wimbo uliliimba vizuri lakini haukulieleza.

Desemba ya mwaka wa 2007, Wamucii alikuwa na miaka kumi na sita. Waliishi Soy, kwenye shamba la eka mbili alilonunua marehemu baba yake, na ng'ambo ya ua waliishi kina Mzee Kipngetich. Wamucii na Jepchumba walikuwa kwaya moja, dawati moja, na kamusi moja waliyoikata katikati ili kila mmoja apate nusu yake. Waliandika nyimbo pamoja kwa penseli, wakaziweka kwenye bahasha ya kaki, na Wamucii akaificha bahasha hiyo chini ya godoro la mama yake. Chini ya godoro lake mwenyewe haingekaa salama, kwa kuwa kaka yake Wachira alikuwa na tabia ya kuzitafuta zile nyimbo na kuzisoma kwa sauti ya mhubiri wakati wa chakula.

Chini ya godoro hilo hilo palikuwa na bahasha nyingine ya kaki, yenye hati ya shamba.

Matokeo ya uchaguzi yalitangazwa Jumapili jioni, na kabla ya giza moshi wa nyumba zinazochomwa ulikuwa umeanza kuonekana. Asubuhi ya mwaka mpya walikimbia. Mama yake alikuwa anafunga blanketi kwa kamba, akapaza sauti kutoka uani, "Wamucii, chukua ile bahasha ya kaki chini ya godoro langu. Usichukue kitu kingine." Wamucii akaingiza mkono, akagusa bahasha, akaivuta, akaiingiza ndani ya sweta na kutoka mbio. Hakukumbuka kwamba zilikuwa mbili. Mkono ulipata kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa chake.

Walitembea hadi kituo cha polisi cha hapo Soy, ambako watu wa jamii yao ya Kikuyu walikuwa wamejazana wakingoja malori ya kuwapeleka mjini. Hapo ndipo alipoifungua. Aliona nyimbo. Hakuthubutu kumwambia mama yake, mjane aliyebakiwa na hati ile tu duniani, basi akamvuta Wachira kando ya ukuta na kumwambia yeye. Wachira alikuwa na miaka kumi na tisa. Hakumgombeza. Alisema, "Usimwambie Mami, nitakuwa nimerudi kabla lori halijafika," akaazima baiskeli na kuondoka.

Sasa sikiliza bahati mbaya ilivyopangwa. Dakika chache kabla ya hapo, mama yao alikuwa ameketi juu ya blanketi akijisemea, "Na yule ng'ombe nani atamfungulia? Ana ndama, atakufa na kiu." Alisema mbele ya Wachira. Alipogeuka, Wachira hakuwepo.

Walimpata siku ya tatu, kando ya barabara, mahali palipokuwa na kizuizi cha mawe. Hakuwa amefika hata nyumbani.

Mama yake hakuuliza alikwenda kufanya nini. Alijua, au alidhani anajua. Katika kambi ya wakimbizi kwenye uwanja wa maonyesho alimwambia kila aliyekuja kumpa pole, "Mimi ndiye nilimtuma. Nilitaja ng'ombe na yeye alikuwa mtoto wa kusikia." Mwezi wa pili Mzee Kipngetich, baba yake Jepchumba, alikuja kambini akiwa amemshika yule ng'ombe kwa kamba. Alikuwa amemkuta amefungwa, akamfungulia na kumtunza pamoja na ndama wake. Mama Wachira alishika kamba, akamtazama ng'ombe usoni kwa muda mrefu, kisha akamrudishia mzee kamba na kumwomba amwondoe mbele ya macho yake.

Wamucii alikuwa amesimama hapo hapo. Hiyo ilikuwa nafasi ya kusema, na nafasi nyingine zilikuja nyingi, na zote alizipisha. Kuhusu hati, alikuwa amesema bahasha iliibiwa ndani ya lori. Zile nyimbo alizitia motoni chini ya sufuria ya uji. Baadaye walipata hati nyingine, wakaliuza shamba, wakapanga nyumba Pioneer, wakanunua mashine ya sweta. Uongo ukazeeka pamoja nao ndani ya nyumba.

Alikuja kuusema mara moja tu. Mwaka wa 2017, kura nyingine zilipokaribia na watu wakaanza tena kutazamana kwa pembe ya jicho, mwalimu mmoja mstaafu aitwaye Chepkorir alikusanya vijana kumi na wawili wa jamii zote mbili, ya kina Wamucii na ya kina Jepchumba, katika ukumbi wa kanisa. Walikutana Jumamosi sita. Utaratibu wa Mwalimu Chepkorir ulikuwa wa ajabu kidogo, lakini ulishika. Aliweka mbele kibuyu kimoja cha mursik, yale maziwa ya mgando yenye masizi. Mtu akimaliza kusema lake anapiga funda, kisha kibuyu kinazunguka kila mmoja anapiga funda, halafu wote kwa pamoja wanasema, "Tumemeza." Maana yake ni kwamba neno limeingia tumboni na halitoki tena mlangoni. "Atakayelitoa nje atakuwa ametapika mbele za watu," Mwalimu Chepkorir alisema, na hakuwa anatania.

Jumamosi ya nne, Wamucii alisema. Alisema yote, bahasha, ukuta wa kituo, baiskeli, na mama yake anavyojilaumu. Jepchumba alikuwa ameketi mkabala naye na gitaa mapajani, kwa sababu yeye ndiye aliyewapigia nyimbo za kufungulia na za kufungia mkutano. Alilia kuliko wote. Alipiga funda kubwa kuliko wote. Na katika mikutano yote sita Jepchumba hakusema lake hata moja. Wakati huo Wamucii aliona ni unyenyekevu.

Basi ndiyo hiyo albamu iliyokuwa namba moja.

Kwa wiki tano Wamucii aliishi kama mlinzi wa benki. Alimkatiza mama yake safari za saluni kwa kuwa saluni ilikuwa na spika. Jumapili alimketisha kiti cha mbele kabisa kanisani, mbali na vijana wa nyuma ambao hawakuwa wakiimba kitu kingine. Alimwambia Cate, binti wa jirani, kwamba mama yake anaumwa kichwa na asipige muziki karibu na dirisha. Kila jioni alipofika nyumbani alimchungulia mama yake usoni kwanza kabla ya kumsalimia. Aliona uso ule ule, akashusha pumzi.

Alikuwa na hasira pia, hasira ya kumfanya aongee peke yake barabarani. Katika wimbo mzima Jepchumba alisema "kaka yangu." Magazeti yaliandika kuhusu uchungu wake. Watu walimtumia pole mtandaoni kwa maelfu, walimwombea, walimwita dada jasiri. Wachira, aliyesoma nyimbo zao kwa sauti ya mhubiri huku mdomo umejaa mahindi na maharagwe ya githeri, alikuwa amepata dada mpya, na dada wa damu alikuwa anauza dawa ya kupe.

Ikatangazwa kwamba Jepchumba atakuja kutumbuiza Eldoret Jumamosi. Alhamisi mchana Wamucii aliomba ruhusa kazini, akaenda uwanjani, ambako mafundi walikuwa wanajaribu spika. Jepchumba alimwona kutoka jukwaani, akaruka chini na viatu vyake vizito na kumkumbatia. Alinukia manukato ya bei.

"Wamu. Siamini umekuja."

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja," Wamucii akasema. "Wachira alikuwa kaka yako?"

Jepchumba akaachia mikono. Alimtazama meneja wake, kijana aitwaye Edwin, aliyekuwa anawasogelea, akampa ishara asubiri.

"Sikutaja jina la mtu," akasema.

"Umesema kaka yangu. Wimbo wote unalia kaka yangu, kaka yangu. Kaka zako wote wako hai, Jepchumba. Kipkemboi nilimwona juzi kwa petrol station akijaza mafuta Probox yake."

"Ni sanaa, Wamu. Mtu anaimba kama yeye ndiye mwenyewe. Hata wale wa taarab wameachwa na mabwana mia?"

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza ungekataa."

Hilo angalau lilikuwa kweli, na ndilo lililouma zaidi, kwa sababu alilisema bila kupepesa.

"Tulikunywa wote," Wamucii akasema. "Ukashika kibuyu na mikono miwili, ukasema tumemeza."

"Na nilijaribu kumeza. Miaka minne nilijaribu. Nikishika gitaa inatoka hiyo tu, zingine zote zilikuwa takataka. Unajua ni watu wangapi wananiandikia? Kuna mama wa Burnt Forest, kuna mzee wa Naivasha. Wanasema hiyo ni story yao. Hiyo kitu imesaidia watu."

"Si ungetoa yako uwasaidie nayo. Siku hiyo wewe ulikuwa wapi? Mlikuwa uani kwenu mnaangalia nyumba yetu ikiungua. Ulisikia vijana wakipita kwenu, uliwajua kwa majina. Imba hiyo."

Nyuma ya Jepchumba fundi mmoja alikuwa anasema moja, mbili, moja, mbili kwenye kipaza sauti.

"Hiyo siwezi," akasema mwishowe.

"Kwa nini?"

"Baba yangu bado yuko hai. Lazima akae na hao watu."

"Na mamangu amekufa?"

Jepchumba akainamisha kichwa, na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, sitamsingizia. Alikuwa mtu wa kulia tangu zamani. Wamucii alitamani kumzaba kofi na kumpangusa pua kwa wakati mmoja.

"Nataka kitu kimoja tu," akasema. "Mamangu hajui. Redio nimemharibia, lakini Jumamosi spika zitasikika mpaka Pioneer. Usiuimbe."

"Watu wanakuja kwa sababu ya huo wimbo."

"Najua."

Edwin alikohoa. "Chumba, redio wanatungoja. Tumechelewa."

Jepchumba alijifuta macho kwa kiganja. "Sitauimba," akasema. "Nakuapia. Kwa heshima ya mama yako, sitauimba." Akambana mkono, akaingia garini.

Wamucii alimwamini. Usimcheke, hata wewe ungemwamini. Mtu mliyegawana naye kamusi huachi kumwamini kwa siku moja. Alitoka uwanjani miguu ikiwa myepesi kwa mara ya kwanza baada ya wiki tano, akaamua kupitia mjini anunue nyuzi za bluu ambazo mama yake alikuwa ameagiza. Alizipata, akachagua na ndizi za kuiva. Alikuwa amefika penye maduka ya simu, mahali ambapo kila duka lina spika mlangoni, ndipo akaisikia sauti ya Jepchumba ikizungumza.

"Kusema ukweli, huo wimbo si wangu," sauti ilisema. "Leo nataka niwe honest na mafans wangu. Ni story ya rafiki yangu, tulikuwa majirani huko Soy. Amekuja kuniona sasa hivi, hata saa moja haijaisha, na amenifungua macho."

"Wacha wee," mtangazaji akasema.

"Yeye ndiye alibeba bahasha si yake. Na mama yake mpaka leo hajui. Ni mama anashona masweta ya shule hapa Eldoret, mama mpole sana, amejilaumu miaka kumi na tano juu ya ng'ombe. Kwa hivyo Jumamosi sitauimba, mpaka huyo mama aambiwe kwanza. Ni heshima."

"Hiyo ni heshima kubwa sana, Chumba," mtangazaji akasema, na akafungua laini za wasikilizaji.

Wamucii hakukumbuka baadaye alipoziacha ndizi. Alipanda bodaboda ya kwanza iliyosimama. Njia nzima alijituliza kwamba redio ya nyumbani haina kitufe, kwamba imekwama kwenye matangazo ya vifo, kwamba mashine ikikwenda mama yake hasikii hata mlango ukibishwa. Alimhimiza dereva, na dereva, aliyekuwa na kisikilizio cha simu sikioni, alikuwa anaupigia mluzi wimbo ule ule.

Langoni alikutana na Seline, mama wa watoto watatu kutoka nyumba ya tatu, akitoka na mfuko wa sweta. Simu alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Nilikuja kuchukua sweta," Seline akasema bila kumwangalia. "Akaniomba nimwekee interview kwa simu, redio yake imeharibika. Alitaka tu kumsikia msichana wa jirani. Mimi sikujua, Wamucii. Walahi sikujua."

Ndani, mashine ilikuwa imenyamaza katikati ya mstari, na sweta ya kijani ilikuwa inaning'inia nusu. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni, mikono juu ya magoti. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama mlangoni kana kwamba anangoja mtu wa serikali.

"Kaa chini," akasema.

Wamucii akaketi.

"Bahasha haikuibiwa kwa lori."

"Haikuibiwa, Mami."

"Ulikuwa umebeba nini?"

"Nyimbo. Zile zetu na Jepchumba. Zilikuwa chini ya godoro lako, sikujua mkono umechukua gani."

"Na Wachira akarudi kuchukua hati."

"Nilimwambia mimi. Akasema nisikwambie."

Mama yake alitikisa kichwa polepole. Nje mtoto wa mtu alikuwa anaitwa akaoge.

"Alikuwa amekasirika?" akauliza. "Alipokuwa anaenda. Siku zote nimefikiria alienda amenikasirikia, juu ya ng'ombe."

"Hakuwa amekasirika. Alisema atarudi kabla lori halijafika."

Uso wa mama yake ulilegea mara moja, kama mtu aliyetuliwa gunia, kisha ukakaza tena, na Wamucii aliuona ukikaza akaogopa. Maneno yakaanza kumtoka ovyo. Alisema Jepchumba alikuwa amekula kiapo mbele ya watu kumi na wawili. Alisema amewauza, amemfanya Wachira kitega uchumi, ameapa mchana huu huu na hakumaliza hata saa moja. Alisema mtu kama yule hana utu.

"Nyamaza," mama yake akasema, wala hakupandisha sauti. "Usinitajie Jepchumba. Jepchumba hakulala na mimi kwa hema. Jepchumba hakuwa akila na mimi kwa hii meza."

Mama yake akaelekeza kidole sakafuni, mahali pao pa sala.

"Miaka kumi na tano. Kila jioni nikipiga magoti hapa, namwambia Mungu anisamehe kwa sababu mdomo wangu ulimuua mtoto wangu. Naomba na sauti. Na wewe umepiga magoti hapa kando yangu, mkono wako uko kwa mkono wangu, unanisikia vizuri. Na nikimaliza, wewe ndiye unasema Amina."

Alichokuwa amekiogopa Wamucii wiki tano zote ni mama yake kujua kosa la bahasha, na sasa aliona kwamba bahasha ilikuwa kosa la mtoto wa miaka kumi na sita aliyekuwa na haraka, na mama yake alikuwa amelisamehe papo hapo, pengine bila hata kulifikiria. Hili lingine, la Amina, lilikuwa lake akiwa mtu mzima. Alikuwa amelifanya jana jioni.

Saa kumi na mbili ilipofika, mama yake aliinuka, akasogeza kiti, akapiga magoti mahali pake pa kila siku. Wamucii akapiga magoti kando yake. Alinyoosha mkono kutafuta mkono wa mama yake, na mkono ule ulikuwa umekunjwa kwenye leso, haukutoka.

"Leo omba wewe," mama yake akasema.

Wamucii aliomba. Alitaja jina la Wachira kwa sauti, alitaja bahasha, alitaja ukuta wa kituo cha polisi na kila siku aliyonyamaza, akaomba msamaha mpaka sauti ikamkauka na hakubakiwa na neno jingine la kusema. Kisha akangoja.

Alingoja kwa muda mrefu, macho yakiwa yamefumbwa, akisikiliza mama yake akipumua. Alisikia magoti yakiinuka, viatu vikienda, na mlango wa chumba cha kulala ukifungwa taratibu, na hakuna aliyesema Amina.